Mtoto Hajakukataa: Kumrudisha Titini Aliyeanzia Chupa

Shikamooni wazee, akina mama hamjambo. Mliovuka kutoka upande wa Kenya asubuhi hii, karibuni Busia. Leo tunatumia Kiswahili ili Msamia, Mteso na Mganda tuelewane sote.

Wiki haipiti bila mama kuniletea mtoto wa siku nane au kumi: "Sista, huyu amekataa titi." Alijifungua kwa upasuaji, maziwa yakachelewa, mtu akakimbilia dukani kuleta kopo la maziwa ya unga na chupa. Simlaumu yeyote. Ila hilo neno "amekataa" tuliweke kando.

Jina la bodaboda limezaliwa hapa hapa mpakani, kwa hiyo mtanielewa. Mtoto wa chupa ni abiria wa boda. Anakaa tu, maziwa yanamiminika kabla hajajitahidi. Titini anatembea kwa miguu: apanue kinywa, ulimi upite juu ya ufizi wa chini, avute, kisha asubiri dakika moja au mbili maziwa yashuke. Abiria ukimshusha njiani atalalamika. Hajakukataa wewe, anauliza boda iko wapi.

Mambo mawili hayangoji: mtoto ashibe, na titi likamuliwe. Bibi mmoja aliwahi kuniambia tumwache mtoto na njaa mpaka ashike adabu. Hapana, bibi. Mtoto mwenye njaa kali huishiwa nguvu akalala, na usingizi huo watu hudhani ni shibe. Mlishe, lakini kwa kikombe kidogo kisafi. Mkalishe wima, ukingo uguse mdomo wa chini, ayarambe maziwa mwenyewe, usimmiminie.

Na kamua kwa mkono mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Vidole vikae nyuma ya ile sehemu nyeusi, si kwenye chuchu. Titi kadiri linavyokamuliwa ndivyo linavyotengeneza maziwa. Siku ya kwanza baada ya kujifungua ukipata kijiko kidogo tu cha dang'a, yale maziwa ya mwanzo, usilie. Tumbo la mtoto aliyezaliwa leo ni dogo, halihitaji mengi kwa mara moja.

Sasa somo lenyewe. Mvue abaki na nepi, nawe fungua kifua, mlaze juu yako, leso mgongoni mwake. Kaeni hivyo hata saa nzima, bila haraka ya kunyonya. Mjaribu anapolamba midomo au kutafuta ngumi yake, au akiwa nusu usingizini. Akishalia umechelewa, mbembeleze kwanza, umpunguzie njaa kwa kikombe. Kisha kamua tone likae kwenye chuchu, pua yake iielekee, ngoja apanue kinywa kama anayepiga miayo, umlete yeye kwako, kidevu kiguse titi. Msimkandamize kisogo! Ukimsukuma kichwa hujinyoosha nyuma, na hapo umemfundisha kwamba titi ni vita. Mimi mwenyewe nililifanya kosa hilo miaka yangu ya kwanza kazini. Akigoma, acha, mjaribu baadaye. Mwingine siku mbili, mwingine wiki tatu.

Akipata maziwa utamsikia anameza. Baada ya siku ya tano, nepi sita au zaidi zilowe kwa siku, na mizani yetu ituonyeshe uzito unapanda. Ndipo upunguze kikombe, kidogo kidogo. Nepi zikipungua au mtoto akalegea, njoo siku hiyo hiyo. Chuchu zikiuma kila anaponyonya, njoo pia, tumtazame chini ya ulimi. Wapo wenye utando mfupi unaoufunga.

Mama unayemeza ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, swali lako nalijua. Hapa Uganda tunakushauri unyonyeshe huku ukimeza dawa bila kuruka, na mtoto apewe zake. Kuchanganya titi na kopo ndiko tunakokwepa. Nione faraghani tupange.

Haya, mama wa leso ya kijani, njoo hapa mbele na mtoto, naona ameanza kula ngumi. Baba, mshikie mkoba.