Mteja Mpya Agawiwe kwa Zamu Inayoonekana

Ndugu wasimamizi wa mauzo wa Nakuru, jambo hili la kuwagawia wauzaji wateja wapya kwa zamu nimelisema mara nyingi na leo nitalirudia, kwa sababu bado yapo maduka ya pampu na mashine za kilimo mjini humu ambamo meneja huitupa nambari ya mteja mpya kwenye kundi la WhatsApp, na wa kwanza kuandika "nimechukua" ndiye anayeondoka na kamisheni.

Hebu tazameni ni nani anayewahi. Siye muuzaji aliye mashambani Kuresoi, amepiga magoti kwenye matope akimwonyesha mkulima jinsi ya kukaza mpira wa kuvutia maji, huku simu yake iko mfukoni na mtandao unakuja na kupotea. Anayewahi ni yule aliyeketi dukani. Mwezi ukiisha, wa Kuresoi anaitwa mvivu, na hesabu zinaletwa mezani kuthibitisha uvivu huo, ilhali kilichopimwa ni ukaribu wa mtu na simu yake, wala si ustadi wake wa kuuza.

Mtaniambia kwamba mteja hangoji. Ni kweli, wala sipingi haraka. Basi wekeni muda: mwenye zamu asipompigia mteja ndani ya nusu saa, jina la mteja limwendee muuzaji anayefuata, na aliyechelewa asubiri mzunguko mwingine, lakini aliyetangaza mapema kwamba yuko shambani arukwe bila kupoteza nafasi yake. Foleni ya matatu stejini huheshimiwa kwa kuwa kila dereva anaiona, na orodha ya zamu nayo ibandikwe ukutani, isifichwe katika daftari la meneja.

Hata hivyo, majina ya wateja hayana uzito sawa. Mkulima wa chai anayeuliza bei mwezi wa Oktoba, bonasi yake ya mwaka ya majani chai ikiwa imeingia, si sawa na anayeuliza mwezi wa Mei, na mwenye shamba kubwa la ngano Njoro ana mahitaji yake. Kwa hiyo wanunuzi wakubwa wawe na zamu yao na wadogo yao. Wapo wanaotaka majina manono apewe daima mwenye mauzo makubwa, nami nawauliza: mauzo hayo aliyapata wapi, kama si kwa majina hayohayo?

Mteja wa zamani akirudi, abaki na muuzaji aliyemhudumia, wala asihesabiwe katika zamu. Kuhusu walio likizoni, muda umetubana, karibuni maswali.