Kwa Jimu, Nyuma ya Magunia ya Mahindi

Habari za jioni. Mlionisikia kabla ya leo mtanivumilia. Narudia yale yale kwa kuwa naulizwa yale yale: "Mwalimu, kule Afrika Kusini mwaka 1879, iliwezekanaje watu kama 150 wa upande wa Uingereza wawazuie Wazulu karibu elfu nne?"

Kwanza jina la mahali hapo. Waingereza hupaita Rorke's Drift, kwa jina la mfanyabiashara James Rorke aliyekaa hapo kivukoni. Wazulu walipaita kwaJimu. Je, hapo mnataka mkalimani? Kwa Jimu! Na mto wenyewe ni Mzinyathi. Inyathi yao ndiyo nyati yetu.

Hata aliyeleta vita hivyo si mgeni kwetu. Kila siku mnashuka matatu pale Kengeleni, Mombasa. Kengele ile ni ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyopewa jina la Sir Bartle Frere, yule aliyekuja Unguja mwaka 1873 kumbana Sayyid Barghash afunge biashara ya watumwa. Bwana huyo huyo, Desemba 11, 1878, akiwa mwakilishi mkuu wa Uingereza Afrika Kusini, anampelekea Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, masharti: ndani ya siku 30 vunja utaratibu wako wote wa jeshi. London haikumtuma vita. Sasa kuna mtu hapa anataka kusimama aseme, "Lakini Mwalimu, si alitusaidia?" Kaa, baba. Sijasema muing'oe kengele. Nasema mkishuka pale, kumbukeni na Januari 11, 1879, siku majeshi ya Uingereza yalipoanza kuingia nchi ya Wazulu.

Tuje kwenye swali. Januari 22, pale Isandlwana, jeshi kuu la Wazulu liliua zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Uingereza. Sikilizeni hapa, maana ndipo watu huchanganya: waliokwenda kwa Jimu jioni ile si wale walioshinda Isandlwana. Ni kikosi cha akiba. Walizungushwa nyuma ya mlima, na wengi wao vita vikaisha hawajapata hata nafasi ya kupigana. Nao wengi ni watu wazima, wenye wake, wengine wameshapita miaka 40. Watarudije nyumbani? Wenzao watasimulia, wao watasema walikimbia wakatazama? Mfalme alikuwa amekataza kuvuka mto kuingia Natal, koloni la Waingereza, kwani alitaka ijulikane kuwa anajihami tu. Dabulamanzi, nduguye kwa baba aliyewaongoza, akavuka. Basi hao "elfu nne" mnaowaogopa ni watu waliokimbia mchana kutwa, wana njaa, wanavunja amri ya mfalme wao, na bunduki zao nyingi ni magobore. Mbele yao kuna Martini-Henry, bunduki za kisasa za Waingereza, na risasi zipatazo 20,000.

Na ukuta? Magunia ya mahindi na makasha ya biskuti! Kila mtu huwataja Chard na Bromhead, maofisa walioongoza ulinzi. Mimi namtaja Dalton, mtu wa ghala la chakula, aliyesema tusitoke, tukitoka na mikokoteni ya wagonjwa tutamalizwa njiani. Kila nikifikiria, hucheka: askari wa Malkia wameokolewa na unga wa ugali ambao haujasagwa.

Mtaniambia nawapunja ushujaa. Siwapunji. Paa la nyasi la hospitali linawaka, na watu wanatoboa kuta, chumba hadi chumba, wakiwavuta wagonjwa. Ushujaa huo, tena mkubwa. Na Mzulu aliyefika gunia la mbele akaushika mtutu wa bunduki kwa mkono mtupu, tumwite nani? Walinzi 11 walipewa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, kwa mapigano hayo ya usiku mmoja. Serikali iliyozika habari ya watu 1,300 waliokufa mchana ilikuwa na njaa kali ya habari njema ya jioni.

Muda unaniishia. Kulipokucha Wazulu waliondoka, na kikosi cha Lord Chelmsford, mkuu wa majeshi ya Uingereza, kikafika. Walinzi waliokufa ni 17. Maiti za Wazulu zilizohesabiwa ni 351. Majeruhi wa Kizulu waliobaki uwanjani waliuawa. Hilo nalo lilikuwa na haki ya saa nzima, lakini ndiyo hivyo, nimeila kwa Kengeleni. Vita vya mwisho pale Ulundi na kukamatwa kwa Cetshwayo, siku nyingine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Wewe uliyenyanyua mkono tangu kwa Frere, anza.