Nimeuona Ujumbe Wako, Sikujibu

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanangu, habari za mchana. Walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana wimbo ni uleule.

Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, salamu za Krismasi tu. Ulipofika kwetu ulikuwa na mpaka: herufi 160, na kila ujumbe unaulipia. Mwanachuo wa enzi zile akitaka kumwandikia mwenzake, anawaza kwanza. Anakata maneno, anafuta salamu, anabana "nibipu" mwishoni. (Kicheko.) Mnacheka, lakini yule alikuwa anahariri! Kisha anarudi kwenye kitabu, kwa sababu vocha imekwisha. Ufukara ule ulitulinda.

Leo ujumbe ni kama bure, basi hauna mwisho. CR, yaani mwakilishi wa darasa, anaandika kwenye grupu: "Kipindi cha saa nne kimehamia ukumbi wa chini." Mstari mmoja. Yanafuata "Sawa CR", "Tuko pamoja CR", vidole gumba visivyohesabika, stika ya mtu analia, na aliyechelewa kuamka anauliza: "Kipindi gani?" Linaanza upya. Nendeni maktaba mpya pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile inayochukua wasomaji 2,100, mkae mtazame. Binti yuko aya ya pili, simu inatetemeka mezani. Anaigeuza, anasoma "Sawa CR", anairudisha kifudifudi, anaanza aya ya kwanza. Inatetemeka tena. Aya ya kwanza anaijua kwa moyo, ya tatu hajawahi kuiona!

Najua kuna anayenung'unika huko nyuma: "Dokta, matangazo yote yako humo, nikizima nitakosa testi." Kweli kabisa, na hapo nawageukia wenzangu wa mstari wa mbele: ubao wa idara bado una ratiba ya mwaka juzi. Lakini tangu 2018 WhatsApp inaruhusu grupu ambalo wasimamizi pekee ndio wanaoandika. Madarasa mangapi humu yamefanya hivyo? Mikono juu. Mmoja. Mungu akubariki, mwanangu.

Halafu zikaja tiki za bluu, Novemba 2014, na kunyamaza kukawa tusi. "Umesoma tangu saa mbili, hujajibu, uko na nani?" Uchumba unavunjika kwa rangi! Nani kawaambia aliyeona lazima ajibu papo hapo? Barua zilikaa posta wiki mbili na watu wakaoana, nyie wenyewe ni ushahidi. (Kicheko.) Zinazimika kwenye mipangilio. Zimeni.

Nilitaka kusema juu ya bando la usiku, na kipindi cha saa moja asubuhi kinavyopata nusu ya darasa, tena nusu inayosinzia. Na boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, linavyoishia kwenye simu mpya wiki ileile linapoingia. Mwenyekiti ananionyesha saa, nayaacha.

Ma-CR msiondoke. Njooni hapa mbele na simu zenu, tubadilishe hayo magrupu kabla ya soda.