Ami yangu, dele lake, na mtu aliyeitwa Tan

Asalaam aleikum jamani, mlioko nyuma songeni mbele kidogo, hii spika yakoroma.

Nianze na ami yangu. Alikuwa akiuza kahawa, mdomo haupoi, siku moja kaamka mkono wa kulia na mguu wa kulia haviinuki, akitaka kusema yatoka "eeh, eeh" basi. Mtaa ukasema kachezewa. Watu wakaja wakaketi kitandani pake wakamjadili kama gogo, mara duka litakuwaje, mara dele achukue nani, na yeye machozi yamtoka.

Kiharusi kile, na kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, maana neva zapishana kabla hazijashuka uti wa mgongo, kwa hiyo ubongo wa kushoto ndio waendesha mkono wa kulia.

Haya, twende Paris 1861. Kuna mgonjwa aitwa Leborgne, kakaa hospitali ya Bicêtre miaka 21, naye mkono na mguu wa kulia vimepooza vilevile, na neno lake karibu ni moja tu, "tan". Ukimuuliza jina, tan. Daktari Paul Broca akamuuliza kakaa pale miaka mingapi, jamaa akafungua kiganja mara nne, halafu akanyoosha kidole kimoja. Hesabuni wenyewe! Siku chache baadaye akafa, Broca akaupasua ubongo akakuta umeharibika mbele, kushoto.

Kabla yake kina Gall, daktari wa Kijerumani, walikuwa wapapasa mafuvu ya watu kama wachagua nazi sokoni, ule ulikuwa upuzi, ila wazo kwamba kila sehemu ya ubongo ina kazi yake halikuwa upuzi. 1874 daktari Wernicke akaonyesha ubongo ukiumia kushoto huko nyuma ni kinyume, mtu amwaga maneno kama makanga wa matatu lakini hayashikani, na yeye kukuelewa ndio taabu. Msidhani lakini ni kama vyumba vyenye kuta, sehemu hizo zashirikiana, ukikata njia katikati pia mambo yaharibika.

Ndio maana ami kusema "maji" hawezi lakini ukimuanzishia Fatiha aimaliza, yale aliyoyazoea tangu utotoni mara nyingi yabaki. Wakasema jini huyo.

Alipopata nguvu kidogo jambo la kwanza alilofanya, kwa mkono wa kushoto, alilivuta dele lake akalisukuma chini ya kitanda.