Darasa la dini lisife siku mwalimu akiugua

Assalaam alaykum, tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Asanteni kwa kuitika. Najua wengine mmeamkia kwenye feri kutoka Ukerewe, wengine mmetoka Magu na Misungwi na daladala za asubuhi, poleni na safari, karibuni sana hapa Nyegezi, Mwanza.

Nimeambiwa niongee kuhusu uongozi kwa sisi walimu wa dini, na nilipoambiwa hivo nikakumbuka moja kwa moja zile wiki 3 nilizolala na malaria mwaka 2011. Nlikuwa nafundisha kipindi cha dini kwenye shule moja ya msingi kule visiwani, na Jumapili nina darasa la watoto pale kigangoni. Watoto walikuwa kama 70. Na mi nlikuwa najua kila kitu, nani anaanzisha wimbo, vitabu viko vingapi kabatini, zamu ya kusali ni ya nani, yani nlikuwa naona raha kabisa kwamba bila mimi pale hakiendi kitu. Bas, naamka kitandani narudi darasani nakuta watoto 11. Hakuna aliyewafukuza wale wengine. Walikuja Jumapili ya kwanza wakakuta mlango umefungwa, ya pili wakakuta umefungwa, wakaenda zao kucheza. Ufunguo ulikuwa nyumbani kwangu chini ya mto wa kulalia.

Hapo ndo nikaelewa kwamba kufundisha nilikuwa nafundisha, ila kuongoza nilikuwa bado sijaanza.

Na hili jambo kwenye dini zetu sio geni walimu wangu. Ustadhi mliopo hapa mnaijua habari ya Mus'ab bin Umair kuliko mimi, Mtume (s.a.w.) alimtuma kijana yule Madina awasomeshe watu Qur'ani kabla Mtume mwenyewe hajahamia kule mwaka 622, kwa hiyo anafika mji tayari watu wameshasoma. Na madrasa zinazofuata mtindo wa pwani mnaye khalifa, yule mwanafunzi mkubwa anayewasikiliza wadogo wakisoma alifu na bee wakati mwalimu yuko na juzuu kubwa. Upande wa Biblia kuna Kutoka 18, Musa amekaa toka asubuhi mpaka jioni anaamua mashauri ya watu peke yake, mkwewe Yethro akamwambia waziwazi kwamba utachoka wewe na hawa watu nao watachoka, weka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mi napendaga ile ya kumi. Watoto kumi hata mtoto wa darasa la sita anawaweza.

Hata huku kwetu, Mapadri Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, walipofika Bukumbi, hapo kusini mwa Mwanza, mwaka 1883 walikuwa wachache na ndo kwanza wanajifunza lugha, na utaratibu wa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, ulitaka katekumeni, yani anayejiandaa kubatizwa, akae miaka 4 kabla ya ubatizo, sasa jiulize nani angekaa na watu miaka yote hiyo kijiji kwa kijiji? Walikaa nao makatekista, walimu wa dini wasio mapadri, watu wa hapahapa. Na kabla ya hapo Wasukuma tulikuwa na basumba, vijana wa kijiji wanalima kwa zamu, na wana nsumba ntale wao wa kuwapanga, tena kijana mwenzao.

Sasa nilifanyaje. Nilianza na binti mmoja wa darasa la sita, mpole, hata kusoma kwa sauti alikuwa anaona aibu. Cha kwanza nikampa ufunguo. Ufunguo tu, mwezi mzima, kazi yake ni kufika kabla yangu na kufungua. Halafu akaanza kuita majina, halafu kusalisha, halafu nikamwambia wiki ijayo utasimulia wewe habari ya Daudi na Goliathi, dakika 10, mi nakaa benchi la nyuma. Walimu wangu, kukaa kimya kwenye lile benchi la nyuma ni kazi nzito kuliko kufundisha mwaka mzima. Akasimulia, akasema Daudi alirusha mawe yote matano. Mwili wangu wote unataka kusimama nisahihishe! Nikajizuia. Baada ya kipindi tukakaa wawili nikamwambia hebu tusome tena pale, akasoma mwenyewe akaona jiwe lilikuwa moja, na Jumapili iliyofuata akasimama mwenyewe akawarekebishia wenzie. Ningemkatisha mbele ya watoto, naamini asingesimama tena. Kwa hiyo wewe unayemnyang'anya msaidizi chaki katikati ya somo, kwa kosa dogo, acha, nakuomba.

Jambo lingine nililojifunza kule ni kujua maisha ya watu wangu. Nlikuwa nalalamika mahudhurio, wiki mbili darasa limejaa, wiki mbili wavulana wakubwa hawapo, naenda kwa wazazi kwa hasira. Mama mmoja mchuuzi pale mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, akaniambia mwalimu, angalia mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika. Kipindi cha giza asubuhi watoto wako kwenye kuanika dagaa, wanakuja kwangu saa ngapi? Na mi miaka yote naishi pale sijawahi kuuliza. Tukahamishia darasa jioni kwa wiki za giza, na asubuhi kwa wiki za mbalamwezi, na ratiba hiyo waliipanga wavulana wenyewe maana wao ndo wanaojua. Mahudhurio yakatulia. Sikuongeza mahubiri wala sikumtishia mtoto na moto.

Hela nitasema kwa kifupi. Sadaka ya watoto, ada ya madrasa, mchango wa safari, vihesabiwe na watu wawili na viandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo, hata kama ni shilingi 400, na msaidizi wako awe mmoja wa hao wawili ili ajifunze mapema.

Ila hili la mwisho siwezi kulifupisha. Ukimpa mtu sehemu ya darasa lako unampa na watoto wa watu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatubana sisi kama inavyowabana wengine, kuwa mtu wa dini hakukutoi humo. Mtu mzima asibaki na mtoto mmoja chumba kimefungwa, awe katekista, awe ustadhi, awe mimi. Mlango uwe wazi. Mtoto akikwambia jambo baya amefanyiwa, usimwambie anyamaze kulinda jina la kanisa au la msikiti, msikilize, toa taarifa, na namba ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Nimeona sehemu viongozi wamekaa kikao kuficha, mtoto ndo akahamishwa shule. Bado inaniuma mpaka leo.

Sasa kabla hamjanywa chai naomba kila mtu atoe daftari aandike majina mawili, ya watu walioko darasani kwake sasa hivi, sio anayemsubiri kutoka chuo. Pembeni ya kila jina andika kazi moja utakayompa Jumapili hii au Ijumaa hii. Ikiwezekana uanze na ufunguo.

Yule binti sasa hivi anafundisha darasa lilelile, ana wasaidizi watatu, na mi nikienda kule nakaa benchi la nyuma.

Haya, maswali. Naona mama pale dirishani umenyoosha mkono muda mrefu, anza wewe.