Damu ya Kilifi na Kimelea Kinachogonga Mwamba

KAHINDI: Hamjambo wasikilizaji. Mvua imepiga Malindi wiki nzima, kuanzia Barani hadi Shela ni madimbwi matupu, na mbu washaanza karamu. Kwa hivyo leo ni malaria. Ila dada Zuhura kanikataza kuzungumzia neti.

ZUHURA: Neti watu wanazijua, kaka. Mimi nataka tuingie kwenye damu yenyewe, pale kimelea kinapokutana na chembe nyekundu. Utafiti wa miaka hii umenishika, na mwingi umefanyika hapa hapa kaunti yetu.

KAHINDI: Pale KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, Kilifi.

ZUHURA: Naam, kituo cha KEMRI na Wellcome, lile shirika la Uingereza linalofadhili utafiti. Sasa, chembe nyekundu ya damu ni kitu cha ajabu. Haina kiini, ilikitupa kabla ya kutoka kwenye uboho. Haiwezi kutengeneza protini mpya. Imejaa himoglobini tu, ile protini inayobeba oksijeni, na chembe yenyewe huzunguka mwilini siku kama 120.

KAHINDI: Kimelea chafuata nini basi kwenye chembe tupu hivyo?

ZUHURA: Chakula, na maficho. Himoglobini yenyewe ndiyo chakula chake, na askari wa kinga hawana njia ya kuchungulia ndani ya chembe hiyo. Kikishaingia, kinatengeneza protini zake na kuzipeleka hadi nje, juu ya utando. Vinatokea vinundu, na kwa vinundu hivyo chembe inanata kwenye kuta za mishipa.

KAHINDI: Inanata kwa nini?

ZUHURA: Inakwepa wengu. Wengu huchuja chembe zilizoharibika, basi heri kunata kuliko kupita huko. Baada ya saa 48 hivi chembe inapasuka, vinatoka vimelea vipya 16 hadi 32, na homa inapanda.

KAHINDI: Na mtoto akikakamaa, macho yamepinduka, wazee wetu husema ni nyuni.

ZUHURA: Degedege lina sababu nyingi, tusiliweke lote kwenye malaria. Lakini katika malaria ya ubongo, ukitazama kwa darubini vile vimishipa vidogo vya ubongo, unavikuta vimejaa chembe zilizonata. Damu haipiti vizuri. Mtoto wa namna hiyo ni hospitali, tena upesi.

KAHINDI: Haya, nipe hiyo Dantu. Tangu asubuhi waitaja.

ZUHURA: Dantu ni kundi la damu, kama vile kuna A na B na O, lakini hili ni nadra duniani. Kilifi si nadra. Karibu mtoto 1 katika kila 10 ana nakala moja ya jeni hiyo. Mwaka 2017 ilionekana kwamba nakala moja hupunguza hatari ya malaria kali kwa kama asilimia 40. Wenye nakala mbili ni wachache, nao wana kinga kubwa zaidi.

KAHINDI: Ebo! Na kimelea kinashindwa wapi?

ZUHURA: Hapo ndipo utamu. Dantu hubadilisha protini za juu ya chembe ziitwazo glaikoforini, ambazo kimelea hujishikiza nazo. Kila mtu alidhani kimekosa pa kushika, basi. Utafiti uliotoka 2020 ulichukua damu ya watoto 42 wa Kilifi, ukarekodi video kwa darubini kimelea kikijaribu kuingia. Chembe ya kawaida ikiguswa, utando unabonyea, unakikumbatia kimelea, na haipiti dakika kimo ndani. Chembe ya Dantu imekazwa kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Kimelea kinafika, kinagusa, kinasukuma weee, mara nyingi hakiingii.

KAHINDI: Kumbe ni kukazika tu?

ZUHURA: Na sikiliza hili, mimi ndilo lililonikosesha usingizi. Hata damu isiyo ya Dantu, chembe zake hazilingani. Iliyokazika kupita kiwango fulani, nayo kimelea kinaishindwa.

KAHINDI: Lakini hiyo ni maabara, dada. Mwilini je?

ZUHURA: Swali zuri. Watu wazima wa Kenya walijitolea, wakaambukizwa kwa makusudi chini ya uangalizi wa madaktari. Matokeo yalitoka 2023: kwa wenye Dantu, vimelea vilikua kwa shida.

KAHINDI: Basi itengenezwe dawa ya kukaza chembe, tumalize maneno.

ZUHURA: Wanasayansi wenyewe wameliwaza hilo, kwamba huenda kukaza kidogo tu kukatosha. Mimi naliona gumu. Chembe nyekundu hupita kwenye vimishipa vyembamba kuliko yenyewe, lazima ijikunje.

KAHINDI: Ikikataa kujikunja?

ZUHURA: Itakwama. Au itafika kwenye wengu, na wengu hautauliza kama ni dawa iliyoikaza au ni ugonjwa.