Solo Zilizotupwa Kapuni: Jinsi "Peg" Ilivyopikwa Studio

ZUHURA: Haya, leo tunaufumua wimbo mmoja tu. "Peg" wa Steely Dan, bendi ya Marekani, kwenye albamu ya Aja, mwaka 1977. Juma, wewe ndiye uliyeung'ang'ania.

JUMA: Kwa sababu ni mlaghai, dada! Ukiusikia redioni unadhani ni kijiwimbo cha kutikisia mabega. Kumbe ubeti wake umejengwa juu ya bluzi, lile umbo la kale la vipimo 12, yaani mafungu 12 ya mdundo yanayojirudia. Donald Fagen na Walter Becker, wale wawili wenye Steely Dan, wameivalisha kordi za jazi, zile noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, mpaka haitambuliki.

ZUHURA: Kuivalisha vipi? Nieleze mimi nisiyepiga kinanda.

JUMA: Bluzi ya kawaida inakaa kwenye kordi ya nyumbani, ile wimbo unakoanzia na kurudi, inatulia, ndipo inahama. Hawa hawatulii. Kila kordi ya msingi wanaitangulizia nyingine laini, halafu ndiyo wanaiangukia. Ramani ni ya bluzi, ila sikio linaambiwa kitu kingine.

ZUHURA: Na hapo bendi haipo, tukumbuke. Waliacha ziara mwaka 1974. Wamebaki watu wawili na prodyuza wao Gary Katz, wanakodi mpigaji kwa kila wimbo.

JUMA: Ndiyo maana nasema kuchagua mpigaji kwao ilikuwa sehemu ya kutunga. Drams hapa ni Rick Marotta, besi ni Chuck Rainey. Na Rainey, ah!

ZUHURA: Simulia, simulia.

JUMA: Mabosi hawakutaka achape nyuzi kwa kidole gumba, mtindo uliokuwa umeenea kila kona wakati ule. Yeye akaona kiitikio kinaudai. Mwenyewe amesimulia kwamba alijificha nyuma ya kizuizi cha studio wasiuone mkono wake, akachapa. Waliposikia, wakapenda. Ikabaki.

ZUHURA: Hilo nalipenda kuliko kordi zako zote. Sasa solo ya gitaa.

JUMA: Hapo ndipo penye msiba. Waliita wapiga gitaa sita au saba, watu wenye majina yao mjini Los Angeles. Mmoja anaingia, anapiga, anashukuriwa, anaondoka. Solo yenyewe ni kama nusu dakika!

ZUHURA: Mimi naona ni ukatili. Mtu unamkodi, halafu kazi yake inaishia kapuni.

JUMA: Amelipwa lakini.

ZUHURA: Malipo hayaponyi, bwana. Kwenye filamu ya mwaka 1999 kuhusu albamu hiyo, Becker na Fagen wamekaa kwenye mitambo wanazicheza zile zilizokataliwa, huku wanatabasamu. Nilisikiliza, nikajiuliza hii ina kosa gani?

JUMA: Haina kosa, na tatizo ndilo hilo. Ni solo nzuri za bluzi zilizopigwa juu ya wimbo unaoficha bluzi. Zinatoboa siri. Mpiga gitaa Jay Graydon alipokuja, akakaa nayo saa kadhaa, akatoa kitu kinachovuta nyuzi kama bluzi lakini kinazifuata kordi zinapokwenda. Ana mguu huku na huku.

ZUHURA: Hapo umenishika kidogo. Kidogo tu.

JUMA: Na usimsahau mwimbaji Michael McDonald kwenye kiitikio. Nyingi ya sauti zile za nyuma ni yeye mwenyewe, amejirekodi tabaka juu ya tabaka. Noti zimebanana mno, na mwenyewe alikiri ilikuwa vigumu kushikilia yake huku anaisikia ile ya jirani masikioni.

ZUHURA: Kundi la hip hop De La Soul walikata kipande cha wimbo huu mwaka 1989 kwa ajili ya wimbo wao "Eye Know". Mtu wa hip hop anakijua hata kama jina la Steely Dan hajawahi kulisikia.

JUMA: Basi tuuweke. Wasikilizaji, vaeni hedifoni, na raundi ya kwanza mfuateni Rainey peke yake.

ZUHURA: Raundi ya pili hesabuni akina McDonald. Mimi huwa napotea.